Duka Bila Listi: Mwongozo Kamili wa GM Asiyetaka Kukwama Kwa Kaunta

Kwanza tukubaliane, ukiwa GM, yaani yule anayeendesha gemu ya kuigiza mezani na kuongea kwa niaba ya kila mtu ambaye si shujaa wa mchezaji, listi ndefu ya bidhaa za duka haikusaidii. Unaweza kukesha Ijumaa ukiandika vitu themanini na bei zake, alafu Jumamosi wachezaji wako waingie dukani na swali la kwanza liwe "mko na wavu wa kushika kitu kikubwa kama ng'ombe?" na wavu ndio kitu pekee hukuandika, sasa unaanza kupekua makaratasi, mmoja anatoa simu, mwingine anaenda jikoni kuangalia kama chai imeiva, na sesheni imekufa ukiiangalia hivi hivi.

Na mtu wa Nairobi hata hahitaji hiyo listi. Ukiambiwa uko Kirinyaga Road unajua hapo ni spea za gari, Luthuli ni simu na spika, Kamukunji utasikia nyundo kabla hujaona sufuria, Marikiti ni mboga na matunda, Biashara Street ni vitambaa na nguo za watoto. Stoo ya mtu yeyote hapo hujawahi kuingia lakini nikikuuliza kama giaboksi inapatikana Biashara Street utanicheka. Hiyo kitu kichwa chako kinafanya bila kufikiria ndiyo tunataka kuileta mezani. Duka liko pale juu kuna watu wanalihitaji, na ukishajua hao watu ni kina nani, bidhaa zinajipanga zenyewe. Mengine yote hapa chini ni venye utafanya hiyo haraka, wachezaji wakikukodolea macho.

Mifano nitatoa ya Dungeons & Dragons (D&D) toleo la tano juu ndiyo sisi hucheza, ukicheza gemu ingine badilisha tu majina ya pesa.

Vitu vya kuwa navyo kabla watu wafike: kadi chache za karatasi ngumu (hata karatasi za daftari ukikata nne nne ni sawa), dadu mbili za kawaida za pande sita, bei kumi hivi ambazo umezishika kichwani, na listi ya majina kama kumi na mbili. Majina ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mchezaji akiuliza "huyu mwenye duka anaitwa nani?" na useme "eeeh... anaitwa... Bob", kila mtu anajua duka halikuwepo dakika mbili zilizopita. Andika majina mapema, ukitumia moja unalikata na unaandika pembeni ni la nani. Bei kama huna kitabu usijali, SRD 5.1, yaani kanuni za msingi za toleo hilo, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, iko bure na ni halali, na bei za vifaa vyote vya kawaida ziko ndani.

Hatua ya 1: Amua kama hiyo duka inafaa kuchezwa kabisa

Si kila ununuzi ni sini ya kuigizwa. Mtu anataka kamba futi 50, ni dhahabu 1, mji uko na watu, basi futa dhahabu moja na mwendelee na safari. Mimi huuliza vitu viwili tu: hii bei itawauma mfukoni? Na je, kuna njia hiki kitu kinaweza kosekana? Kama jibu ni hapana zote mbili usiamke kitini, usiweke sauti ya mzee, usielezee harufu ya duka. Kama hata moja ni ndiyo, hapo sasa ingia dukani.

Kuna GM wanafanya kinyume, mishumaa inachukua nusu saa ya kuongea alafu deraya ya dhahabu elfu moja na mia tano inanunuliwa kwa sentensi moja. Usiwe huyo.

Hatua ya 2: Maswali matatu

Wakisema wanaingia dukani, jiulize haya, kwa haraka, hata wakiwa bado wanabishana nani abaki nje na farasi.

Nani hununua hapa siku ambayo hawa mashujaa hawako? Mzigo unatoka wapi na unafika aje? Na wiki hii kuna nini kimeharibika?

Chukua kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na juu mlimani kuna mgodi. Wanunuzi ni wavuvi na wachimba migodi. Hapo tayari najua kuna kamba, nyavu, ndoano, chumvi, mafuta ya taa, mishumaa, sururu, mtaimbo, makoti mazito ya mvua. Najua pia hakuna upanga wa vita juu mvuvi aufanyie nini, lakini kuna visu vya kupasulia samaki na mashoka. Mzigo unatoka mjini kwa mashua, mara moja kwa wiki. Kilichoharibika: mashua ya wiki hii haijafika. Kwa hivyo chumvi imeisha, mafuta yamebaki chupa tatu, na mwenye duka kila baada ya sentensi mbili anaangalia nje kwa mlango.

Umeona kilichotokea? Swali la tatu limezaa kazi ya mashujaa bila mtu kubandika tangazo ukutani. Mashua iko wapi? Mimi sijui bado, nitajua wakiuliza. Hili swali la tatu ndilo GM wengi huruka na ndilo linabeba kila kitu, juu duka ambalo kila kitu kiko sawa halina la kusema, unanunua unatoka.

Hatua ya 3: Kadi ya mistari sita

Hapa nimekopa lugha ya Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Beli ya mitumba ikifunguliwa, kuna kamera, zile safi zinazochaguliwa kwanza na wenye maboutique waliodamka kuliko wewe, kuna za kawaida, na kuna fagia, mabaki yanayorushwa chini kwa bei ya kutupa. Duka lolote la gemu linaweza kugawanywa hivyo, alafu unaongeza mistari mitatu. Kadi yangu ya lile duka la ziwani inakaa hivi:

Kawaida: vitu vya wavuvi na wachimba migodi (sitaji kimoja kimoja)
Kamera: taa ya chuma yenye kioo kizima, mwanga hauzimwi na upepo
Fagia: makoti ya mvua matano, yamenunuliwa kutoka familia za watu waliozama
Chini ya kaunta: vichupa viwili vya baruti vilivyoibwa mgodini
Imeisha: chumvi, juu mashua haijafika
Haiwezi kuwa hapa: silaha za vita na uchawi, lakini seremala wa mashua alikuwa mwanajeshi zamani

Mistari sita, inaingia kwa kadi moja na nafasi inabaki. Angalia fagia. Bidhaa mbovu ikiwa na sababu ya kuwa mbovu inakuwa stori, wachezaji wangu wakisikia koti ni la mtu aliyezama mmoja lazima aulize "alizama aje?" na sasa tunaongea. Kwa chini ya kaunta weka kitu ambacho mwenye duka anaweza kupata nacho shida, si lazima kiwe cha thamani. Na ule mstari wa mwisho usiuache wazi hata kidogo, juu "hatuna" peke yake ni ukuta, lakini "hatuna, jaribu kwa yule wa pale chini" ni barabara. Hata hapa tao ukiuliza kitu kwa duka ambalo hawana, mwenye duka atakutumia kwa jirani, na wakati mwingine atamtuma kijana akuletee hapo hapo na aongeze yake juu. Hiyo ya kijana kukimbia kuleta kitu ni nzuri sana mezani, itumie: inakupa dakika tano za kufikiria.

Hatua ya 4: Bei, bila kufungua kitabu

Pesa ya D&D ni rahisi: dhahabu 1 ni fedha 10, fedha 1 ni shaba 10. Tatizo ni kwamba wachezaji hawaelewi dhahabu 1 ina uzito gani, wanaitupa kama ganda la njugu. Kwa hivyo anza na kibarua. Kwa kanuni za toleo la tano, kibarua asiye na ujuzi hulipwa fedha 2 kwa siku, fundi mwenye ujuzi dhahabu 2.

Sasa shika hizi: mwenge shaba 1, chupa ya mafuta fedha 1, chakula cha safari cha siku moja fedha 5, kamba dhahabu 1, mtaimbo 2, ngao 10, upanga mrefu 15, vifaa vya kufungulia kufuli 25, dawa ya uponyaji 50, darubini 1,000, deraya kamili ya chuma 1,500. Piga hesabu na mshahara wa kibarua. Upanga mrefu ni siku 75 za kazi bila kula. Dawa moja ya uponyaji ni siku 250. Ile deraya ni siku 7,500, yaani zaidi ya miaka ishirini ya kubeba mawe. Ndiyo sababu duka la kijiji halina darubini, si ati GM ni mkali, hakuna mtu hapo angeinunua na mwenye duka hawezi kufungia pesa yote hiyo kwa kitu kimoja. (Kuku naye ni shaba 2, yaani mshahara wa siku unanunua kuku kumi. Aliyeandika hiyo hakuwahi kutafuta kienyeji mkesha wa Krismasi.)

Kitu hakimo kwa hizo bei? Kiweke katikati ya viwili unavyovijua. Wavu mkubwa wa kamba nene: kuna kamba nyingi ndani kwa hivyo umepita kamba na mtaimbo, lakini haufiki ngao, sema dhahabu 4 na usiangalie nyuma. Alafu rekebisha kwa mahali. Kinatengenezwa hapo hapo, kata nusu. Kimetoka mbali, mara mbili. Kimebaki kimoja na watu wanakitaka, mara tatu, ama hakiuzwi kabisa bila kuongea vizuri na mwenyewe.

Ukitaka dari ya kila mji, toleo la 3.5 la 2003 lilikuwa na kipimo ambacho mimi bado natumia hata kama gemu imebadilika: kijiji kitu cha bei kubwa zaidi utakachopata ni dhahabu 200, mji mdogo 800, mji mkubwa 3,000, na jiji kubwa kabisa 100,000. Chochote chini ya hapo kuna uwezekano mkubwa kipo, juu yake inabidi uagize ama usafiri. Andika hizo namba nne nyuma ya skrini yako, ile karatasi ngumu ya kuficha maandishi yako mezani.

Hatua ya 5: Swali ambalo hukujiandaa nalo

Hapa ndipo watu huogopa na kumbe ndipo patamu. Mchezaji anauliza kitu ambacho hakiko kwa kadi. Usikimbilie dadu. Kwanza rudi kwa wanunuzi wa duka. Je, wangekihitaji kwa kazi yao ya kila siku? Basi kipo, sema bei. Je, ni kitu cha kuchekesha kukitafuta hapo, kama kitabu cha uchawi kwa duka la ndoano? Basi hakipo, elekeza kwingine. Dadu ni ya hapo katikati tu, ambapo wewe mwenyewe kwa ukweli hujui.

Hapo rusha dadu mbili za pande sita, jumlisha:

2 hadi 5: hakuna, lakini mwenye duka anajua nani anacho, ama ana kitu kinachofanana
6 hadi 9: kipo, lakini kina shida moja
10 hadi 12: kipo, kizima, na kuna kitu cha ziada

Kama kinaelekea upande wa biashara ya hapo ongeza 2, kama kiko mbali toa 2. Nimependa dadu mbili kuliko d20, ile dadu ya pande ishirini, juu ya venye matokeo yanarundikana katikati. Kati ya njia 36 za dadu mbili kuanguka, 20 zinaleta ile "kipo, lakini", 10 ni hakuna, na 6 tu ndizo za bahati kubwa. Na ile "kipo, lakini" ndiyo unataka itokee mara nyingi, ndiyo mchezo wenyewe. Wala si kitu kipya, D&D ya kwanza ya 1974 ilikuwa ikitumia dadu mbili za pande sita kuamua kama kiumbe mliyekutana naye atawapiga ama atawasikiza.

Shida zenyewe usiziwaze sana, rusha dadu moja: 1, kimebaki kimoja na kuna mtu mwingine amekiulizia, 2, ni bei mara mbili, 3, kimechakaa, kitavunjika siku ukikitegemea, 4, kitafika kesho kutwa, 5, kimewekewa alama ya mtu, yaani ni cha wizi na mwenyewe anaweza kukitambua, 6, mwenye duka hauzi kwa pesa, anataka kazi ifanywe. Ile namba 5 imetupa furaha nyingi kuliko zingine zote, juu wachezaji wananunua kwa raha wakijua wamepata bei nzuri, alafu wiki mbili baadaye kwa sherehe mtu anaiangalia sana ile taa yao.

Hatua ya 6: Mwenye duka

Huhitaji historia ya familia yake. Andika vitatu: anataka nini leo, anaogopa nini leo, na mikono yake inafanya nini wakati anaongea. Ya mikono ndiyo siri yangu kubwa. GM wengi hujaribu sauti, na sauti inaisha baada ya dakika tatu unajikuta kila mtu anaongea kama babu yako. Lakini mtu anayekunja kamba akiongea, au anayehesabu ndoano na kupoteza hesabu kila ukimkatiza, huyo watamkumbuka mwaka mzima.

Wa ziwani nilimpa jina la Mama Riziki. Anataka kujua mashua iko wapi juu mtoto wake yuko ndani, anaogopa kuuliza kwa sauti, na anakunja kamba. Mezani ikawa hivi:

"Mama, huu wavu ni ngapi?"

"Wa dagaa ama wa kambare?"

"Wa... kitu kimezidi kambare."

Anaacha kukunja kamba. "Kimezidi kiasi gani, mwanangu?"

Hakuna mtu alirusha dadu hapo, na meza ilinyamaza. Mikono ikisimama wachezaji wanajua umegusa kitu, huhitaji kuwaambia "anaonekana ana wasiwasi". Kwa hivyo ipe mikono kazi mapema, dakika ya kwanza kabisa, ndiyo uweze kuisimamisha baadaye.

Hatua ya 7: Kupunguziana

Wachezaji wa hapa wanajua kuongea bei, hiyo ni bahati yako, usiiue kwa kusema "rusha dadu ya Ushawishi" kabla mtu hajafungua mdomo. Mimi hufanya hivi. Bei ya kitabu naiweka kichwani. Mwenye duka anaanza juu kidogo, kama theluthi moja hivi, na kuna sakafu ambayo hatashuka chini yake, chini ya bei ya kitabu kidogo tu. Upanga wa 15, anaanza 20, sakafu ni 14. Kila mchezaji akitaja namba tu bila sababu ("nipee na 12"), mwenye duka anacheka na hashuki. Akitoa sababu, anashuka hatua moja. Sababu ni kama: huu mpini umelegea, yule wa kule juu ameniambia 16, sisi ndio wateja wa kwanza leo tufungulie kazi, tunachukua mbili. Sababu ikiwa nzuri sana shuka bila dadu. Ikiwa ni ya uongo, ama ya kumtishia, hapo ndipo dadu inaingia, mara moja, si kila sentensi.

Wakishindwa kwa dadu bei isipande. Hakuna mwenye duka anapandisha bei juu umeongea vibaya, anachofanya ni kufunga mazungumzo: "boss, bei ni hiyo, kama huna acha wengine wapite." Wachezaji watalipa ama watatoka, na ukiona wanatoka polepole wakingoja kuitwa, waite. Kila mtu Nairobi anaijua hiyo.

Na mwenye duka akigoma kushuka mwambie mchezaji aombe nyongeza. Bei inabaki palepale lakini anatupia mienge miwili, ama chumvi kidogo kwa karatasi, ama habari. Habari ndiyo nyongeza bora kabisa kwa GM, haikugharimu kitu na wachezaji wanaiamini kuliko ile waliyopewa bure, juu wanahisi wameitoa kwa nguvu. Ukiwa na kidokezo ambacho lazima wakipate usiku huo, kifiche hapo.

Weka kikomo lakini. Mmoja akipenda sana kupunguza bei atakula saa nzima na wengine wanalala. Raundi tatu, alafu mteja mwingine anaingia dukani na mwenye duka anageuka.

Hatua ya 8: Wakitaka kuuza

Hii ndiyo inasumbua kuliko kununua. Wamewavua viumbe kumi na wawili waliowaua deraya zao na sasa wanataka pesa. Kanuni ya toleo la tano: silaha na vifaa vikiwa vizima vinauzwa nusu ya bei, na vile vya viumbe waliouawa mara nyingi vimechakaa hata hiyo nusu havifiki. Vito, mapambo na bidhaa za biashara kama chumvi, ngano au vitambaa vinashika bei yake yote. Kwa hivyo ukitaka wachezaji wasigeuke wauza vyuma vikuukuu, wape hazina ya vito.

Lakini swali kubwa ni hili, mwenye duka atoe wapi hiyo pesa? Duka la kijiji halina dhahabu 300 kwa droo. Hapo una njia tatu nzuri. Anaweza kulipa kwa bidhaa. Anaweza kuandika deni kwa daftari na mashujaa wakawa wanamdai, ambayo inawafanya warudi hicho kijiji na wakijali kisichomwe moto. Ama anajitokeza broka. Broka hana duka, amesimama tu pale nje, anajua mtu mjini anayenunua deraya, na anataka sehemu yake. Msee wa broka ni zawadi kwa GM: anatembea miji yote, anajua kila mtu, hana mzigo wake, na huwezi kujua anafanyia nani kazi. Mpe jina zuri kutoka kwa listi yako, atadumu.

Vitu vya uchawi

Fupi tu hapa. Mwongozo wa DM (ndivyo D&D humwita GM) wa 2014 unapanga bei kwa uadimu: vya kawaida dhahabu 50 hadi 100, visivyo vya kawaida 101 hadi 500, adimu 501 hadi 5,000, na kuendelea. Tumia kama mwelekeo. Usifanye duka la uchawi lenye rafu, kwa maoni yangu linaua mshangao wote, kitu cha uchawi kiwe kimoja, kiko kwa mtu na si kwa duka, na huyo mtu ana sababu ya kukiuza. Dawa za uponyaji pekee ndizo naruhusu kwa kaunta, na hata hizo kwa idadi. "Ziko nne" inawafanya wafikirie, "ziko" haiwafanyi chochote.

Wakiiba

Wataiba. Usikasirike na usiweke mlinzi wa levo ishirini mlangoni. Dadu irushwe kama kawaida, na wakifaulu wamefaulu, lakini chukua kadi na uandike kilichoibwa kwa ule mstari wa "Imeisha". Wakirudi, hicho kitu kimeisha na mwenye duka anauliza kila mtu anayeingia. Kijiji cha watu mia mbili si soko la Muthurwa, mgeni anakumbukwa.

Hatua ya 9: Baada ya sesheni

Dakika tano kabla hujalala. Nyuma ya kadi andika bei zozote ulizotaja (wachezaji hawasahau bei hata siku moja, watasahau jina la mfalme lakini bei ya kamba wanaijua), ahadi yoyote mwenye duka alitoa, na kitu kimoja kitakachobadilika wakirudi. Moja tu. Kilichokuwa kimeisha kimefika, au cha kawaida kimeanza kukosekana, au ile kamera imenunuliwa. Hiyo ya mwisho ndiyo napenda. Walikuwa wakiitamani ile taa, wakasema watarudi wakipata pesa, wanarudi na pesa mkononi na rafu iko wazi. "Ilichukuliwa juzi." Na nani? Hapo chagua adui wao yeyote ambaye hujampa kazi kwa muda, na sasa yuko mahali fulani gizani na taa nzuri kuliko yao.

Moja ya dharura nimalizie nayo. Kuna siku watakataa duka lako na kusema wanaenda la pili, mkabala, ambalo hujaliandaa kabisa. Chukua kadi ile ile. Kilichoisha kwa la kwanza kinajaa kwa la pili, na kamera ya la kwanza ndiyo imeisha hapa. Chini ya kaunta inabaki vilevile, juu hao wawili wananunua kwa mwizi mmoja. Badilisha jina, ipe mikono kazi nyingine, na mwenye duka wa pili aulize swali la kwanza kabla hawajasalimia vizuri: "Yule wa ng'ambo amewaambia ngapi?"